Wameingia Garamantes, wamebeba shayiri

Kuna kipande cha mtungi uliovunjika kilichimbuliwa Bu Njem, huko Libya, kimeandikwa kwa wino kwa Kilatini cha kuungaunga, na tangu nisome tafsiri yake sijatulia. Kinasema wameingia Garamantes, wale watu wa kale wa jangwani kusini ya Libya, wamebeba shayiri, baghala wanne na punda wanne. Ndo hivo tu. Hamna vita, hamna mfalme, hamna hotuba. Askari mmoja wa Kirumi yuko kwenye kituo chake cha lindo jangwani, kaona watu wanakuja na wanyama, kahesabu, kaandika, katuma kwa mkubwa wake ngomeni.

Mi nimefanya ukarani wa getini kwenye godauni miaka sita, Dar, mara nyingi zamu ya usiku, na daftari langu lilijaa mistari kama hiyo kurasa kwa kurasa, imeingia gari fulani, mzigo mahindi, gunia kadhaa, dereva na utingo. Kwa hiyo niliposoma kile kigae nilimjua yule askari. Namjua kabisa. Karani wa geti hamwogopi anayemwandika, maana ukimwogopa mtu huanzi kuhesabu ana punda wangapi, unafunga geti unaita wenzio. Unayemwandika ni mtu ambaye wiki iliyopita alikuja na wiki ijayo atakuja, mzigo wake unaujua, pengine na jina la baba yake unalijua. Hapo ndo nilipoanza kuitilia shaka ile hadithi tuliyozoea kuhusu mipaka ya dola za kale, kwamba huku kuna miji na mabafu na sheria, afu kule kuna washenzi wa jangwani wanasubiri giza liingie wavamie. Nikawa nasoma usiku kwa usiku, na haya ninayoandika ni ya upande ule wa Tripolitania, yani pwani ya magharibi ya Libya ya leo, palipokuwa na miji mitatu, Sabratha, Oea ambayo ndo Tripoli yenyewe, na Lepcis Magna ambayo magofu yake yapo mpaka sasa karibu na Khoms.

Kale Bu Njem ilikuwa inaitwa Gholaia. Warumi walianza kujenga ngome pale tarehe 24 Januari mwaka 201, enzi za kaisari Septimius Severus, ambaye mwenyewe ni mtoto wa Lepcis, kazaliwa pale 145, kashika ukaisari 193, kwa hiyo hakuwa mtu wa mbali anayechora mistari kwenye ramani asiyoijua, alitoka mji ambao jangwa liko mlangoni. Kipindi hicho hicho zikawekwa ngome Ghadames na Gheriat el-Garbia, sehemu zenye maji na ambako misafara lazima ipite. Waakiolojia wa Kifaransa chini ya René Rebuffat walianza kuchimba Bu Njem 1967, na kati ya vitu walivyovitoa ni vigae zaidi ya 140 vyenye maandishi, vya miaka ya 253 mpaka 259, na ukivisoma unakutana na siku ya kazi yenyewe: leo askari kadhaa, wagonjwa fulani na fulani, huyu yuko getini, hawa wako kwenye tanuri la mikate, huyu bafuni, wale wametumwa. Jumla yao hata mia hawatimii. Sasa hebu fikiria watu wasiofika mia, mbele yao jangwa ambalo unatembea wiki kwa wiki hulimalizi. Ukiniambia hao walikuwa wanalizuia jangwa kwa mikuki nitakukatalia. Walikuwa wanaangalia nani anapita, anabeba nini, anakwenda wapi, na kumpa taarifa mkubwa.

Vigae vingine vinataja Garamantes wakija na punda, pamoja na Wamisri wawili wenye barua, na mtumwa mtoro aliyekamatwa. Vingine ni risiti za wenye ngamia wanaoleta nafaka ya ngome, majina yao ya Kilibya, na kitu kilichonifurahisha sana ni kwamba vipimo vilivyoandikwa humo navyo vina majina ya kienyeji na sio ya Kirumi. Yani jeshi la dola kubwa kuliko zote upande ule linapima chakula chake kwa pishi ya mwenyeji! Kama unapima kwa pishi yangu basi tunaelewana, na kama hatuelewani utakufa njaa wewe na ngome yako.

Na kabla sijaondoka hapo, kuna ofisa wao aliitwa Avidius Quintianus, huyu bafu la ngome lilipojengwa alitunga shairi likachorwa kwenye jiwe, anamshukuru Salus, mungu wao wa kike wa afya, kwa maji ya kuogea kwenye vilima hivi vya mchanga visivyoisha na kwa kuwapoza watu na moto wa jua, na ukishuka na herufi za mwanzo za mistari zinakupa jina lake. Nililisoma mara tatu. Watunzi wetu nao wana desturi ya kutia jina lao kwenye ubeti wa mwisho, na mtu aliyekaa mbali na kwao, joto limemchosha, akachukua muda kuficha jina lake ndani ya shairi la maji, huyo mi namheshimu.

Sasa Garamantes wenyewe ni nani. Hapa ndo wengi tunakosea kwa sababu neno jangwa linatupa picha ya mtu na hema na ngamia basi. Hawa walikuwa na miji. Mji wao mkuu ni Garama, leo Jarma, kule Fezzan, kama kilometa 700 kusini ya Tripoli, ndani ya bonde refu ambalo mvua yake ni ya kuhesabu. Walichokifanya ni kuchimba foggara, mifereji inayopita chini kwa chini kutoka kwenye miamba palipo na maji mpaka mashambani, na kila baada ya hatua chache kuna kisima cha kushukia kwenda kuusafisha mfereji. Zimehesabiwa zaidi ya 600, na nyingine zina urefu wa kilometa kadhaa. Kwa maji hayo wakalima ngano, shayiri, tende, zabibu, baadae na mtama na pamba. Kwa hiyo ile shayiri kwenye kigae cha Bu Njem imebebwa na watu wanaojua kilimo, na hawajaja kuomba. Huko kwao zimekutwa chupa za kioo, taa na vyombo vya Kirumi makaburini, na mitungi iliyoletwa na divai na mafuta ya zeituni kutoka pwani. Mji ulimhitaji mtu wa jangwa na mtu wa jangwa aliuhitaji mji, na kila upande ulijua.

Lakini sitaki kuwapaka asali. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia karne ya 5 KK, anasema Garamantes walikuwa wanawawinda watu weusi wa kusini yao kwa magari ya farasi wanne. Na biashara ya watu ilipita kwenye mipaka hii kama mizigo mingine. Kule Zarai, Algeria ya leo, kuna jiwe la mwaka 202 lenye orodha ya ushuru wa mpakani, ng'ombe nusu dinari, punda nusu dinari, farasi dinari moja na nusu, baghala dinari moja na nusu, mtumwa dinari moja na nusu. Mtu na baghala bei moja ya ushuru, mstari mmoja juu ya mwingine, mwandiko ule ule. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kwanza. Yule mtoro wa kwenye kigae alikuwa anakimbia kuelekea wapi, na alifika umbali gani kabla hawajamrudisha? Karani kaandika kwamba yupo, afu kaendelea na punda.

Jiwe hilo hilo la Zarai linasema mifugo inayopelekwa mnadani isitozwe. Hii ni sheria ya mtu anayejua kwamba wafugaji wakikataa kuja mnada unakufa.

Na uhusiano wa kukutana getini ulitanguliwa na wa kupigana, nao tuuseme. Mwaka 20 KK hivi, jemadari wa Kirumi Cornelius Balbus alipeleka jeshi mpaka Garama, na mwaka 19 KK akapitishwa Roma kwa shangwe za ushindi, yeye aliyezaliwa Cádiz huko Uhispania. Miaka ya 17 mpaka 24 Tacfarinas, Mnumidia, yani mwenyeji wa Afrika Kaskazini, aliyewahi kuwa askari wa Warumi akatoroka, aliwasumbua kweli kweli, na mfalme wa Garamantes alikuwa anampokelea mali za uporaji. Lakini kisa ninachokipenda kukisimulia ni cha mwaka 69 kuingia 70, maana kinaonyesha nani anamtumia nani. Wakulima wa Oea na wakulima wa Lepcis walianza kuibiana mazao na mifugo, ugomvi wa majirani kabisa, ukakua mpaka watu wakapangana vitani mji kwa mji. Oea walikuwa wachache, wakaona watazidiwa, wakafanyaje? Wakaita Garamantes. Mji wa Kirumi unawaita watu wa jangwani waje kuupiga mji mwingine wa Kirumi! Garamantes wakaja, wakaharibu mashamba ya Lepcis, watu wakajifungia ndani ya kuta wakitetemeka, mpaka jemadari wa Kirumi Valerius Festus akaleta vikosi vya miguu na vya farasi akawafukuza na mali ikarudishwa, isipokuwa ile iliyokuwa imeshauzwa kwa watu wa mbali zaidi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ndo kaandika haya. Halafu Pliny, mwandishi mwingine wa Kirumi, anaongeza kwamba kabla ya hapo njia ya Garama ilikuwa haipitiki kwa sababu wenyeji walikuwa wanafukia visima kwa mchanga, na kwenye vita hii ndo Warumi wakagundua njia fupi, inayopunguza siku nne. Mtu anayejua kisima kilipo, na anaweza kukifukia akaenda zake, huyo huwezi kumtawala kwa amri, utakaa nae chini muongee.

Na waliongea, maana baadae tunamkuta Julius Maternus wa Lepcis anasafiri pamoja na mfalme wa Garamantes miezi minne kwenda kusini mpaka nchi iliyoitwa Agisymba, nchi ya vifaru. Hii tunaipata kwa Ptolemy, mwanajiografia wa kale, na nataka wasomaji wangu wa pwani wajue kwamba kwenye kitabu hicho hicho, kwenye mjadala huo huo wa Afrika inafika mpaka wapi kusini, Ptolemy anataja na Rhapta, bandari ya huku kwetu Afrika Mashariki. Alikuwa anapima kusini ya dunia kwa njia mbili, njia ya Garamantes kupitia mchangani na njia ya mabaharia kupitia pwani yetu. Hilo lilinipa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Ila kama kuna kitu kimoja naomba msomaji abaki nacho ni habari ya kiapo, maana hapa ndo naona mpaka wenyewe ulikuwa umesimamia nini. Karibu na mwaka 398 bwana mmoja mwenye mashamba, Publicola, alimwandikia askofu Augustine wa Hippo barua amejaa wasiwasi. Anasema kwenye nchi ya Arzuges, huko kwenye mpaka wa Tripolitania, watu wa jangwani wanapokuja kuajiriwa, ama kubeba mizigo ama kulinda mavuno, wanaapishwa mbele ya ofisa wa mpaka, na wanaapa kwa miungu yao. Ofisa anaandika barua, mwenye shamba akiiona ile barua anamchukua yule mtu, wasafiri nao wanawachukua hivo hivo wawasindikize njiani. Sasa Publicola yeye ni Mkristo, anauliza, je mavuno yaliyolindwa kwa kiapo cha mashetani si yatakuwa najisi? Na mimi ninayeyala si nitanajisika?

Acha kwanza swali lake, tazama picha aliyoichora bila kukusudia. Mavuno ya Warumi yanalindwa na nani? Na watu wa jangwani. Msafiri wa mjini analindwa njiani na nani? Na hao hao. Wale tunaoambiwa ndo wezi wa mavuno wamewekwa kuwa walinzi wa mavuno, wana mshahara, wana barua ya utambulisho, na kinachowafunga ni neno lao tu walilolitamka kwa mungu wao mbele ya ofisa asiyemwamini huyo mungu lakini anaiamini ile hofu yao kwake. Nikifikiria walinzi tuliokuwa nao pale godauni, wengi wametoka bara kabisa, mwenye mzigo analala usingizi kwake na mali ya mamilioni iko mikononi mwa mtu asiyemjua kwao wala ukoo, naona ni jambo zito sana, na watu wa zamani waliliona zito ndo maana wakaliwekea kiapo.

Augustine akamjibu vizuri. Alimwambia anayeapa kwa mungu wa uongo akatimiza ahadi ana afadhali kuliko anayeapa kwa Mungu wa kweli akadanganya. Na akamwambia ukikataa viapo vya watu hawa basi hutapata mahali pa kuishi kwa amani, maana sio mpakani tu, amani ya mikoa yote imekaa juu ya viapo hivyo. Shika hilo, nitalirudia.

Na hivi nasema watu wa jangwani na watu wa mjini kana kwamba kuna kamba katikati, lakini nenda Ghirza uone. Ni kijiji kwenye bonde kavu, kama kilometa 250 kusini mashariki ya Tripoli, watu wameishi pale kuanzia karne ya 3, nyumba kama 40, na makaburi makubwa yamejengwa kama mahekalu yana nguzo na matao. Kwenye mawe yake wamechongwa ngamia wanaolima, watu wanavuna, mzee wa ukoo amekaa kwenye kiti cha heshima. Walijenga kuta ndogondogo kukinga maji ya mvua yakishuka mabondeni, wakapata zeituni na nafaka mahali ambapo leo ukipita utasema haiwezekani. Majina yao kama Nasif na Nimira, maandishi Kilatini, na jiwe moja linasimulia sadaka kwa marehemu, mafahali 51 na beberu 38. Hawa ni watu wa mji au wa jangwa? Mi nadhani wenyewe wasingelielewa hilo swali.

Sasa niseme jinsi ilivyoharibika, na hapa hasira yangu sitaificha.

Karne ya 4 upande huo kulikuwa na watu wanaitwa Austuriani. Kulikuwa na amani, wanaingia wanatoka, na mwenzao mmoja, Stachao, alikuwa anatembea nchi ya Warumi kwa uhuru wake. Akashtakiwa kwamba anapanga kuusaliti mkoa, akahukumiwa, akachomwa moto akiwa hai. Hayo kaandika Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa Kirumi wa karne hiyo, ambaye yeye anaona Stachao alikuwa na hatia. Haya, tuseme alikuwa nayo. Lakini ndugu zake walisema kaonewa, na kisasi kikaanza, mwaka 363 au 364, wakati Jovian ni kaisari. Wakaja mpaka nje ya Lepcis, kuta zikawashinda, wakakaa siku tatu kwenye viunga vyenye mashamba mazuri, wakaua wakulima, wakachoma, wakamteka diwani mmoja na familia yake wakaondoka. Ni unyama, siutetei.

Lepcis wakamwita mkuu wa majeshi ya Kirumi upande wa Afrika, Romanus. Akaja na askari. Wakamwambia tusaidie. Akasema nileteeni chakula cha kutosha na ngamia 4,000. Ngamia elfu nne! Mji umetoka kuchomewa mashamba, wametoka kuzika watu wao, anawaambia hivyo. Wakasema hatuna, hatuwezi. Akakaa pale siku 40, afu akaondoka zake, hajafanya lolote.

Baraza la mkoa likachagua wajumbe, Severus na Flaccianus, waende kwa kaisari mpya Valentinian kumpa sanamu za dhahabu za pongezi na kumweleza ukweli. Lakini Romanus alikuwa na ndugu yake ikulu, Remigius, mkuu wa maofisa, na walikuwa wanagawana wanachokipora. Kesi ikapigwa danadana. Wakati wanangoja, Austuriani wakarudi mara ya pili, wakaharibu nchi ya Lepcis na ya Oea, wakaua madiwani. Wakarudi mara ya tatu, safari hii wakakata miti na mizabibu, mzee mmoja mkubwa wa mji anaitwa Mychon akakutwa kiungani, miguu yake mibovu hawezi kukimbia, akajitupa kwenye kisima kikavu, akavunjika ubavu. Wakamtoa, wakampeleka mpaka karibu na geti la mji. Mkewe akatoa fidia. Watu wa mji wakamfunga kamba wakampandisha juu ya ukuta, maana geti hakuna wa kulifungua, na baada ya siku mbili akafa. Siku nane mji umezingirwa.

Geti lile lile! Najua sio geti moja na la Bu Njem, Bu Njem ilikuwa imeshaachwa tangu miaka ya 260, lakini mi ndo nilivoliona, geti ambalo watu walikuwa wanaandikwa majina na mizigo yao, sasa mtu anapandishwa kwa kamba kama gunia.

Kaisari akamtuma Palladius, karani wake, aje na mishahara ya askari wa Afrika na achunguze mambo ya Tripolitania. Romanus akawashauri maofisa wake wamrudishie Palladius sehemu kubwa ya pesa zile kama zawadi. Palladius akazipokea. Akaenda Lepcis, wenyeji wawili, Erechthius na Aristomenes, wakamzungusha wakamwonyesha mashamba yaliyoteketea, kila kitu. Akarudi kwa Romanus akamwambia nitakusema kwa kaisari. Romanus akamjibu na mimi nitasema ulivyokula mishahara. Basi wakapatana. Palladius akaenda kumwambia kaisari kwamba watu wa Tripolitania wanalalamika bure.

Na kaisari akaamini. Akaamuru wajumbe wauawe kwa kusema uongo, Jovinus, mjumbe aliyetumwa baadae, akauawa, na Caelestinus, Concordius na Lucius nao, huko Utica. Gavana Ruricius aliyepeleka taarifa za ukweli akauawa Sitifis. Na Erechthius na Aristomenes, kwa kosa la kumwonyesha mtu mashamba yaliyoungua, ikaamriwa wakatwe ndimi. Hao wawili walitoroka wakajificha, na miaka baadae, karatasi za Romanus zilipopekuliwa na barua ikakutwa humo inayotaja uongo wa Palladius, wakatoka mafichoni wakasema yote. Palladius alikuwa ameshakamatwa, usiku walinzi wake wakaenda kukesha kanisani kwa ajili ya sikukuu akajinyonga. Remigius nae akajinyonga.

Ukimsoma Ammianus, kurasa za Austuriani ni chache na kurasa za maofisa ni nyingi. Mzee wa watu alikuwa anajua anachokifanya.

Sasa turudi kwenye kiapo. Tangu Stachao achomwe imepita kama miaka 180 hivi, Warumi wa Konstantinopoli wameshairudisha Afrika kutoka kwa Wavandali, na mwaka 543 wazee wa Leuathae, watu wa jangwani, walikuja Lepcis na watu wao wengi kupokea zawadi na alama za uongozi kama desturi ilivyokuwa, ili amani iendelee. Mkuu wa pale alikuwa kijana anaitwa Sergius. Akashauriwa aingize ndani ya mji wazee 80 tu, wengine wabaki nje. Akawaapia kwa Injili kwamba hawatadhurika. Wakaingia, wakakaribishwa chakula. Wakiwa mezani wakatoa malalamiko yao, kwamba askari wa Sergius wamewapora mazao yao. Mavuno tena. Sergius hakutaka kusikia, akainuka aondoke, mmoja wao akamshika begani kumzuia, wengine wakaanza kupiga kelele wakimzunguka, mlinzi akachomoa upanga akamuua yule aliyemshika. Afu wote wakachinjwa pale pale. Akaponyoka mmoja, akakimbia nje akawaeleza wenzake.

Vita ikaanza, ikasambaa mpaka ndani kabisa Tunisia ya leo. Mwaka 544 jemadari Solomon, ami yake Sergius, akakutana na jeshi lao, na kabla ya kupigana akawatumia wazee wa Leuathae ujumbe kuwaambia tuelewane, mimi mwenyewe nitawaapia. Procopius, mwanahistoria wa enzi hizo, kaandika walivyojibu. Walimuuliza utaapa kwa nini, kwa vitabu vile vile vya Injili alivyotuapia Sergius akaua waliomwamini? Wakasema basi wao kwanza wanataka kwenda vitani wavijaribu hivyo vitabu, waone vina nguvu gani juu ya mtu anayeapa uongo, na wakishaona hapo ndo watajua kama kuna haja ya kufanya makubaliano nae.

Wakapigana, na Solomon akafia hapo.